Timu Ikihama Mtaa, Watoto Wabaki na Nani?



Jumapili baada ya Misa, watu wanaposimama kidogo uani pa kanisa kabla ya kurudi nyumbani, mazungumzo ya mpira hayakosi. Nani alifunga, nani alikosa, mwamuzi alikuwa na macho au hakuwa nayo: hayo yote twayasikia kila juma. Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo jingine la mpira, ambalo haliandikwi katika hesabu ya mabao, lakini linagusa nyumba zetu kuliko mabao yenyewe. Nalo ni mahali timu inapofanyia mazoezi.

Katika miji mingi ardhi imepanda bei, nyumba zimebanana, na viwanja vya zamani vimezungukwa na maduka na barabara. Basi viongozi wa vyama vya mpira wanajiuliza: Je, tubaki hapa mjini kati ya watu wetu, ijapokuwa pamesonga? Au twende pembezoni, palipo na nafasi na utulivu? Wengine wamekwisha kwenda. Wengine wangali wakishauriana. Wala shauri hilo si la vyama vikubwa peke yake. Hata timu ndogo ya parokia au ya shule yaweza kufikia siku ya kuambiwa: kiwanja hiki hakitutoshi tena, tutafute kingine mbali. Hapo baba na mama wa familia hawawezi kukaa kimya, kwa maana watakaotembea njia hiyo ndefu ni watoto wao.

Sababu za kuhama

Tusianze kwa kulaumu. Ahamaye ana sababu zake, na mara nyingi ni sababu za kweli.

Kiwanja cha mpira cha kipimo kinachotumika katika mashindano makubwa kina urefu wa meta 105 na upana wa meta 68. Mwanafunzi ajuaye kuzidisha atapata meta za mraba 7,140. Na hicho ni kiwanja kimoja tu. Timu ifanyayo mazoezi kila siku huhitaji viwili, ili nyasi za kimoja zipumzike wakati kingine kinatumika. Mara tumepita meta za mraba 14,000, na bado hatujahesabu nyumba ya kulala wachezaji, jiko, chumba cha mganga, wala mahali pa kuweka magari. Nani leo atapata ardhi kubwa namna hiyo katikati ya mji? Na akiipata, nani atailipia?

Tena kuna afya ya wachezaji. Ardhi ngumu kama saruji huumiza magoti, na kiwanja chenye mashimo huvunja vifundo vya miguu. Kuna utulivu wa kazi: kocha afundishaye mbele ya umati, na kila mtu katika umati huo akijiona kocha, ana kazi ngumu kweli. Na kuna kodi. Timu isiyo na kiwanja chake hukodi leo hapa, kesho pale, na fedha iliyolipwa kwa kodi haijengi hata ukuta mmoja.

Mambo haya hayakuanza Afrika. Mwaka 2001 Real Madrid ya Hispania ilipatana na wakuu wa mji juu ya kuuza kiwanja chake cha mazoezi, kilichokuwa kwenye barabara kubwa ya Madrid. Fedha zikasaidia kulipa madeni, na mwaka 2005 ikafungua kiwanja kipya Valdebebas, pembezoni mwa mji. Kufikia mwaka 2000 Manchester United ya Uingereza nayo ilikuwa imekiacha kiwanja chake cha zamani huko Salford, ambacho kilikuwa karibu mno na nyumba za watu, ikaenda Carrington, mashambani, mbali na macho ya wapita njia. Vyama vyote viwili viliendelea kushinda. Basi asitokee mtu kutuambia kwamba timu ikitoka mjini hufa.

Mfano wa Dar es Salaam

Kati ya nchi zinazosema Kiswahili, mfano ulio wazi kuliko mingine tunaupata Dar es Salaam, katika Tanzania. Huko kuna vyama viwili ambavyo vijana wetu wa Katanga wanavijua vizuri: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936. Vyote viwili vilikulia Kariakoo na ujirani wake, kati ya watu wa sokoni, mafundi na vibarua wa bandari. Nyumba ya Simba iko mtaa wa Msimbazi. Nyumba ya Yanga iko pembe ya mtaa wa Jangwani na mtaa wa Twiga, na kando yake Yanga ilikuwa na kiwanja chake cha mazoezi, kilichopewa jina la Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia.

Lakini Jangwani ni bonde la mto Msimbazi. Mvua kubwa ikinyesha, mto huacha njia yake na kuingia mitaani. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40. Kiwanja cha Kaunda nacho kiliteswa na maji na matope mpaka hakikufaa tena kwa timu kubwa. Ikawa Yanga inatangatanga: mara kiwanja cha shule ya Loyola, mara viwanja vingine vya kuazima. Mwaka 2020 ikaweka kambi Kigamboni, ng'ambo ya bandari, mahali paitwapo Avic Town. Mtu wa Kariakoo atakaye kwenda huko huvuka maji kwa kivuko, au hupita daraja lililofunguliwa mwaka 2016.

Simba ilielekea upande mwingine. Ilipata ardhi Bunju, kwenye barabara ya Bagamoyo, kaskazini mwa mji, kilometa zipatazo 30 kutoka Kariakoo. Mwaka 2019 ikafungua hapo viwanja viwili vya mazoezi, kimoja cha nyasi za asili na kimoja cha nyasi za bandia.

Na kuna chama cha tatu, Azam, kilichoanzishwa mwaka 2004 na wafanyakazi wa kampuni moja ya mjini humo. Chenyewe kilijijengea uwanja wake Chamazi, kusini mwa mji, mbali na kelele za Kariakoo. Katika msimu uliokwisha mwaka 2014 kilichukua ubingwa wa Tanzania bila kushindwa hata mechi moja. Simba na Yanga, zinazokizidi umri kwa zaidi ya miaka 60, zimewahi kwenda kuchezea mechi zao za nyumbani katika uwanja wa mdogo wao. Mwenye kwake haazimi.

Kwa hiyo, kwa upande wa kazi ya mpira, waliokwenda pembezoni walikuwa na haki. Lakini sikilizeni majina. Mpaka leo mashabiki huiita Simba "Wekundu wa Msimbazi", na Yanga "Watoto wa Jangwani". Hatujasikia Wekundu wa Bunju, wala Watoto wa Kigamboni. Watu wa kawaida, wasioulizwa na yeyote, wamejua kupambanua: mahali timu inapolala ni jambo moja, na mahali timu ilipozaliwa ni jambo jingine.

Hapo hapo Dar es Salaam kuna fundisho jingine, ambalo si la mpira. Baada ya mafuriko yale ya mwaka 2011, serikali iliwahamisha baadhi ya wakazi wa bonde ikawapa viwanja Mabwepande, upande ule ule wa Bunju. Ardhi ilikuwa kavu, nao waliokolewa na maji. Lakini palikuwa mbali na soko, mbali na bandari, mbali na vibarua walivyovitegemea. Baadhi yao waliviacha viwanja hivyo wakarudi mjini. Aliyepanga kuhama alihesabu ardhi. Hakuhesabu vya kutosha nauli ya kila siku. Ndivyo ilivyo kwa nyumba, ndivyo ilivyo kwa timu.

Mtoto huona nini mazoezini?

Sasa tuseme jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote.

Mechi ni ya saa moja na nusu. Mtoto aitazamaye huona mabao, nyimbo, bendera na watu wakikumbatiana. Hayo ni mavuno. Lakini mazoezi ni shamba. Mtoto aliyesimama kando ya kiwanja saa kumi alasiri amemwona yule mchezaji mashuhuri akikimbia mizunguko mingi hata pumzi zikamwishia. Amemwona akirudia pasi ile ile mara hamsini. Amemwona akikemewa na kocha mbele ya wenzake, akanyamaza, akaanza upya. Amemwona mchezaji wa akiba, ambaye labda hatacheza mwezi mzima, akija mapema kuliko wote. Hakuna mwalimu wa darasani awezaye kueleza kwa ubao na chaki maana ya bidii na utii kama kiwanja kile kinavyoeleza bila maneno.

Timu ikienda mbali, mtoto wa mtaa hubaki na mavuno bila shamba. Timu atakayoijua ni ile ya redio, ya televisheni iliyotundikwa katika baa, na ya simu ya kaka yake. Na huko mpira haufiki peke yake. Hufika pamoja na matangazo ya kamari. Kijana ambaye hajapata kuona jinsi ushindi unavyolimwa, huamini upesi kwamba ushindi ni kitu cha kubahatisha, na kwamba kwa fedha kidogo ya ada yake ya shule ataweza kununua nyingi. Wazazi wengi wanalia juu ya kamari, nao wana haki ya kulia. Lakini wajiulize pia: huyu kijana tumempa nini cha kutazama saa kumi alasiri?

Kuna na wengine wanaopoteza. Yuko mama auzaye maandazi na maji kando ya kiwanja. Jioni ile ya mazoezi ndiyo iliyomnunulia mafuta ya taa. Yuko mzee mwanachama, aliyelipa ada yake tangu ujana, ambaye alikuwa akija na kiti chake kutazama, kisha akatoa maoni yake kwa viongozi. Timu ikiwa kilometa 30 kutoka kwake, atasikia habari zake kama mgeni asikiavyo. Na mwanachama aliyefanywa mgeni hashtuki tena siku mali ya chama inapopotea.

Habari za Kamalondo

Turudi kwetu Katanga, kwa maana hapa tuna historia ambayo yafaa kila mwanafunzi aijue.

Mwaka 1939, katika mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, mapadre Wabenedikto waliosimamia shule ya Saint-Boniface walitaka kuwapa wanafunzi wao, hasa wale wasiokusudia upadre, shughuli njema nje ya masomo. Wakaunda timu ya mpira, wakaiita Saint-Georges. Baadaye ikaitwa Saint-Paul. Kisha mapadre wakaacha kuiongoza, ikachukua jina la Englebert, ambalo ni jina la mipira ya magari. Mwaka 1966 ilishinda mashindano yote makubwa iliyoyaingia, ikajiongezea jina la Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote. Mwaka 1967 na mwaka 1968 ikachukua ubingwa wa vyama vya Afrika. Leo inaitwa TP Mazembe. Imeuchukua tena ubingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015. Mwezi wa Desemba 2010, huko Abu Dhabi, iliifunga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika mchezo wa mwisho wa kombe la dunia la vyama, ambapo ilishindwa na Inter Milan.

Tazameni basi jinsi mti huu ulivyoota. Haukuota katika ofisi ya tajiri. Uliota kwa sababu palikuwa na wanafunzi, palikuwa na kiwanja karibu na shule, na palikuwa na watu wazima waliokubali kuwa pamoja na vijana saa za jioni. Vitu vitatu tu.

Na chama hicho kilipokuwa na fedha ya kujijengea uwanja wake, kilijenga wapi? Kilijenga Kamalondo, katika mtaa wa zamani wa Waafrika wa Lubumbashi, kati ya nyumba za watu. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2011, nao una nafasi za watu wapatao 18,500. Pengine nje ya mji wangalipata ardhi pana zaidi. Lakini siku ya mechi mtu wa Kamalondo hutoka mlangoni pake kwa miguu, naye mtoto wake asikia kelele za bao kutoka kitandani. Hatusemi kwamba kila chama kifanye hivyo hivyo. Twasema kwamba inawezekana kuwa na nguvu bila kuukimbia mtaa.

Waya usikatwe

Wasomaji wetu wa Mwadingusha watatuuliza: Na sisi tunaokaa mbali na miji, mwatuambia nini? Kila siku twasikia kilio cha watu wa mjini waliopoteza timu. Sisi hatukuwa nayo tangu mwanzo.

Ni neno la haki, na lapasa kujibiwa. Mtoto wa Bunju naye ni mtoto. Mtoto wa Chamazi naye ana macho ya kutazama na miguu ya kuiga. Timu ikienda pembezoni, mtoto wa pembezoni aweza kupata kile alichopoteza mtoto wa Kariakoo. Aweza, twasema, lakini hapati kila mara. Kwa maana vyama vingi vikihama hujenga ukuta, na mlangoni huweka mlinzi. Basi mtoto wa mjini amepoteza, na mtoto wa pembezoni hakupata. Hapo ndipo hasara inapokuwa mara mbili. Kumbe ubaya hauko katika umbali tu; uko zaidi katika ukuta.

Watu wa Mwadingusha wanalielewa jambo hili kuliko wengine, kwa kuwa wanaishi nalo. Penye maporomoko ya mto Lufira kilijengwa kituo cha umeme, kikaanza kazi mwaka 1930 ili kuvipa nguvu viwanda vya shaba. Bwawa lake ndilo lililofanya ziwa lile ambalo wavuvi hulijua kwa jina la Tshangalele. Mitambo ilizeeka, ikafanywa upya, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 2021. Maji huanguka mbali na miji, lakini kazi yake hufika viwandani. Hakuna mtu aliyeomba maporomoko yahamishwe mjini. Watu walichofanya ni kunyosha waya na kuulinda usikatwe. Na twajua pia upande wa pili: si kila nyumba ipitiwayo na waya ina taa. Waya waweza kupita juu ya paa la mtu, naye akala chakula chake gizani.

Basi chama cha mpira kikiona lazima kiweke kambi yake mbali, na kiende. Lakini kinyoshe waya mpaka mtaa kilikotoka, na kiwashe taa katika kijiji kilikofika. Bila hayo mawili, kitakuwa na nyasi nzuri na ukuta mrefu, lakini hakitakuwa na watu.

Shauri letu kwa viongozi

Maneno mazuri hayatoshi. Twataka kusema kwa wazi yapasayo kufanywa, nayo ni manne.

Kwanza, hati ya ardhi itangulie, mizigo ifuate. Na hati iandikwe kwa jina la chama, si kwa jina la kiongozi wala la mfadhili. Mfadhili ni mtu wa kushukuriwa, lakini mtu hufa au hukasirika, na watoto wake hawana lazima ya kuipenda timu. Wanachama waione hati hiyo katika mkutano kabla ya kupiga kura.

Pili, kiwanja cha zamani kisiuzwe. Hata kama ni kidogo, hata kama hakifai tena kwa timu kubwa, kwa watoto chatosha. Wakabidhiwe watoto wa mtaa, pamoja na mtu mzima mmoja wa kuwasimamia na mipira michache. Kiwanja kikisha kujengwa maduka hakirudi; hatujapata kuona duka likibomolewa ili watoto wapate pa kucheza.

Tatu, mlango ufunguliwe. Kocha ana haki ya kufunga mazoezi yake siku mbili au tatu kabla ya mechi kubwa. Lakini siku moja katika juma wanafunzi wa shule za jirani waruhusiwe kuingia na kutazama, wakiwa na walimu wao. Na mara chache kwa mwaka timu irudi ifanye mazoezi mbele ya watu wake wa zamani. Jambo hili halihitaji fedha nyingi; lahitaji nia.

Nne, vijana wa timu walio wanafunzi wasisumbuliwe na safari. Mtoto atokaye shuleni mchana, akapanda gari mpaka nje ya mji, akafanya mazoezi, akarudi usiku, atafungua daftari lake saa ngapi? Chama kisichoweza kumpa gari na saa za halali kimwache afanye mazoezi karibu na kwao.

Shauri letu kwa wazazi na wanafunzi

Ninyi wazazi, kijana akija na habari ya furaha kwamba amechaguliwa na timu, msimkatishe tamaa, lakini pia msimkabidhi kwa watu msiowajua. Nendeni mkaulize maswali matatu. Nani anayemsimamia huko, na ni mtu wa namna gani? Atarudi saa ngapi, na kwa chombo gani? Katika nchi yetu giza huingia upesi baada ya saa kumi na mbili jioni, na njia za pembezoni hazina taa. Na swali la tatu: masomo yake yakishuka, timu itafanya nini? Kocha mwema atayajibu maswali hayo bila hasira. Kocha anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Na msiwasahau wasichana. Mara nyingi kiwanja kikihamishwa mbali, wao ndio wa kwanza kuacha mchezo, kwa kuwa mama haoni vema binti yake kupita peke yake njia ndefu jioni. Kiwanja kilicho karibu na nyumba ndicho pekee ambacho mama aweza kukiona akiwa jikoni. Hiyo ni sababu nyingine ya kukilinda kiwanja kile kidogo.

Nanyi wanafunzi, msikae mkingoja chama kikubwa kiwajie au kiwarudie. Saint-Georges ya mwaka 1939 haikuwa chama kikubwa. Ilikuwa wanafunzi na mpira. Kama mnacho kiwanja karibu na shule, kifyekeni, okoteni mawe, ombeni mwalimu au padre mmoja akae nanyi jioni. Wekeni saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na saa ya kumaliza iheshimiwe. Na mkipata nafasi ya kuitazama timu kubwa ikifanya mazoezi, msimtazame mfungaji tu. Mtazameni yule anayechelewa kuondoka, anayekusanya mipira huku wenzake wamekwisha kuoga. Huyo anawafundisha jambo ambalo mtalihitaji shambani, kiwandani na ofisini, hata kama miguu yenu haitacheza kamwe katika uwanja wa Kamalondo.

Vyama vya mpira vitaendelea kuhama, kwa maana miji inakua wala haitarudi kuwa midogo. Hatuwezi kuzuia, wala hatutaki kuzuia. Tunataka tu kwamba siku ya mkutano wa chama, wakati ramani ya kiwanja kipya imetandikwa mezani na kila mtu anaisifu, mwanachama mmoja ainuke, avue kofia yake, aulize kwa adabu: Na watoto wa hapa, tunawaachia nini? Asikae mpaka amejibiwa, na jibu liandikwe katika kitabu cha mkutano.